Kona ya Herufi: Dizaina Wangu Anasema Italiki ni Kulaza Tu

Wapendwa wasomaji, safari hii barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, italiki, zile herufi za mlazo tunazoziona kwenye vitabu. Sikupanga iwe hivo, ila kwa kuwa ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye kazi hii ya kupanga kurasa, nimeona nafasi yote tuipe hiyo. Barua nimezifupisha kidogo, mnisamehe.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimekusanya hadithi za bibi yangu wa kule Uluguru, kitabu kitakuwa kama kurasa 140. Nimempa kijana mmoja anipangie. Ndani ya hadithi kuna nyimbo, nikamwomba nyimbo ziwe kwa italiki ya zile fonti za vitabu vya zamani zenye vimkia kwenye herufi. Alivoleta, herufi zimelala kweli lakini hazipendezi, ziko kama zimesukumwa na upepo. Nikimwambia ananijibu dada italiki ni kulaza tu, hakuna kingine. Ni kweli? Na kama si kweli nimwambie atumie fonti gani? (Mjukuu, Morogoro)

JIBU: Marahaba mjukuu wa bibi, na hongera sana kwa kazi hiyo. Kijana wako amekosea, lakini mwambie kwa upole maana wengi tulianza hivo hivo, unabonyeza ile I kwenye kompyuta, herufi zinalala, basi unaamini ndo ilivyozaliwa. Italiki ilizaliwa kama mwandiko wa mkono, na hapo ndo kila kitu kinapoanzia.

Iko hivi. Venice, Italia, mwaka 1500. Kulikuwa na mchapaji anaitwa Aldus Manutius, msomi wa Kigiriki na Kilatini, na alikuwa na fundi wake wa kuchonga herufi, Francesco Griffo, mtu wa Bologna. Wasomi wa wakati ule walikuwa na mwandiko wao wa haraka, wa kalamu ya unyoya, herufi nyembamba zinazoegemea kidogo mbele na zinazotaka kushikana, mwandiko wa mtu anayenakili kitabu anachokipenda na hana muda wa kupamba. Griffo akauchonga mwandiko ule kwenye chuma. Mara ya kwanza ulionekana mwaka 1500 kwenye picha ndani ya kitabu cha barua za Mtakatifu Catherine wa Siena, maneno machache tu, yameandikwa kwenye kitabu na moyo alioshika mtakatifu mkononi. Mwaka uliofuata, 1501, Aldus akatoa mashairi ya Virgil, mshairi wa Kirumi wa kale, kitabu kizima kwa herufi hizo, kitabu kidogo cha kushika mkono mmoja, wakati vitabu vya kisomi vingi ulikuwa unavifungua juu ya meza.

Na sikiliza hii, ndo inayomjibu kijana wako: kwenye kitabu kile herufi kubwa hazikulala kabisa. Zilisimama wima, fupi fupi, na herufi ndogo ndo zilikuwa za mwandiko. Mlazo wenyewe ulikuwa mdogo sana. Yani mtu aliyebuni italiki hata hakuona kulala ndo jambo, jambo lilikuwa mkono. Kulaza herufi kubwa nako ni mambo yaliyokuja baadaye, na kuitumia italiki pamoja na herufi za wima kwenye ukurasa mmoja, kama unavotaka wewe kwa nyimbo, hayo pia ni ya baadaye. Mwanzo italiki ilijitegemea, ilibeba kitabu chote peke yake.

Niseme na hili kwa kuwa linaniuma. Aldus ndani ya Virgil ile aliweka mistari mitatu ya kumsifu Francesco, hiyo ni haki. Lakini ulinzi wa serikali ya Venice wa kuzuia wengine wasizinakili herufi zile, wa 1502, ulikwenda kwa Aldus. Griffo akaondoka. Mwaka 1503 mchapaji mwingine, Soncino, aliyekuwa anafanya kazi Fano, akaandika wazi kwenye kitabu chake kwamba aliyebuni herufi hizi ni Francesco wa Bologna na siyo mwingine. Na kule Lyon, Ufaransa, watu walikuwa wanazinakili bila kujali ulinzi wa mtu, Aldus akatoa tangazo la kuonyesha makosa yaliyojaa kwenye nakala zao, nao wakalichukua lile tangazo wakayasahihisha makosa wakaendelea kuuza. Waspania kwa muda mrefu wameziita hizi herufi letra grifa, yani herufi ya Griffo, angalau huko jina lake lilibaki.

Sasa rudi kwenye karatasi alizokuletea kijana. Chukua neno lolote lenye a, na kwa Kiswahili hutalikosa maana a ndo herufi yetu inayojirudia kuliko zote. Kwenye maandishi ya wima ya fonti za vitabu, a ina paa juu, kama kofia imeinama mbele, halafu tumbo chini. Kwenye italiki ya kweli paa linaondoka, inabaki a ya kuandika kwa mkono, duara na kijiti pembeni, ile uliyofundishwa darasa la kwanza. Kama nyimbo zako zimelala lakini a bado ina paa, basi kompyuta imeisukuma tu herufi ya wima ikainama, haijaleta italiki. Angalia na f: ya kweli mara nyingi inashuka chini ya mstari, ina mkia. Angalia na vile vimkia, serifu zenyewe: kwenye iliyosukumwa bado ziko bapa chini kama nyayo za mtu aliyesimama huku mwili umeinama, na ndo maana ukaona upepo. Kwenye italiki ya kweli kalamu inaingia kwenye herufi kwa kijikunjo na kutoka kwa kijikunjo, haina nyayo. Na kingine, italiki ya kweli kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya wima, ukisukuma tu upana unabaki ule ule na mistari minene na myembamba inahama mahali pake, o inakuwa kama yai lililokaliwa.

Mara nyingi sababu ni ndogo tu, kijana ameingiza faili la wima peke yake na lile la italiki hajaliingiza. Fonti nzuri ya vitabu inakuja na mafaili mbali mbali, wima lake, italiki lake, boldi lake, yani la herufi nene. Aingize la italiki, tatizo linaisha dakika hiyo hiyo.

Fonti gani? Mimi ningekupa EB Garamond. Ni ya bure, leseni yake ni huria, unaipata Google Fonts. Ilianzishwa na Georg Duffner wa Austria akifuata karatasi moja ya sampuli iliyochapwa Frankfurt mwaka 1592 na karakana ya Egenolff-Berner, ndo hizo E na B. Kwenye karatasi ile herufi za wima ni za Claude Garamond wa Paris, na italiki ni za Robert Granjon, Mfaransa mwingine, mtu wa kuzunguka, leo Paris kesho Lyon kesho kutwa Antwerp, akaishia Roma. Hata Adobe Garamond ya 1989, ya Robert Slimbach, imefanya hivo hivo, wima za Garamond na italiki za Granjon. Kwa hiyo watu wengi wanaosifia italiki ya Garamond wanamsifia Granjon bila kumjua. Nyingine ni Gentium, ya Victor Gaultney, hii nayo ni ya bure na tangu mwanzo ilitengenezwa ikiwaza lugha nyingi za dunia na za kwetu zikiwemo, jina lenyewe ni Kilatini, maana yake ya mataifa. Italiki yake ni safi, haina mapambo mengi, inavumilia karatasi ya bei nafuu.

Lakini usichague kwa kuangalia sentensi ya Kiingereza au yale maneno ya Kilatini ya kujazia. Hili naliomba kwa kila anayesoma. Griffo alichonga kwa ajili ya Kilatini cha Virgil, ambacho w hakina kabisa na k karibu hakina. Kifaransa cha Granjon nacho w haina kazi kubwa. Sisi je? Kwa, wa, ya, za, kwenye, wakawa, wazazi, yake. Herufi nne zilizokuwa adimu kwenye Kilatini cha Griffo, k na w na y na z, kwetu ndo zinazobeba sentensi. Kuna italiki nzuri mno kwenye a na e na n halafu w yake ni pana imekaa kama geti lililofunguliwa, au k yake ina kifundo kikubwa juu, neno moja linapendeza lakini ukurasa mzima wa Kiswahili unakuwa vifundo vitupu. Mimi kila fonti mpya naiandikia kwa italiki hivi: Wakwe wakawakuta wazazi wake wakiwa kwenye kizingiti. Kisha naiandikia: Hata hapa hali haikuwa haba. Hii ya pili ni kwa ajili ya h. Kwenye italiki nyingi za zamani mguu wa pili wa h unajikunja ndani, unakaribia kufunga, basi hata inasomeka bata, hali inasomeka bali, na msomaji wa hadithi za bibi ni mtoto wa darasa la tatu, atasoma bata kweli. Ukiona h ya namna hiyo kwa kitabu cha watoto iache hata kama ni nzuri vipi. Chapa hizo sentensi mbili kwenye karatasi kwa ukubwa ule ule wa kitabu, usiangalie kwenye skrini ukiwa umevuta karibu.

SWALI: Nafundisha Kiswahili sekondari, tunaandaa jarida la shule. Tunabishana ofisini, wengine wanataka kila neno la Kiingereza na la Sheng lilazwe, wengine wanalaza methali, mwenzangu mmoja analaza hata majina ya wahusika. Kanuni ni ipi? (Mwalimu, Eldoret)

JIBU: Mwalimu, chukua hii: italiki ni ya kumwambia msomaji kwamba neno hili limetoka mahali pengine au ni jina la kazi fulani. Majina ya vitabu, magazeti, filamu, yanalazwa. Jina la meli linalazwa, kwa mfano MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, unalaza Liemba na MV unaiacha wima. Majina ya kisayansi ya viumbe yanalazwa daima, mbuyu ni Adansonia digitata, neno la kwanza linaanza kwa herufi kubwa na la pili kwa ndogo, hapo wanafunzi wanakosea sana. Neno la lugha ngeni ambalo msomaji wako halitumii, laza.

Sheng kwenye jarida la shule ya Eldoret mimi nisingelaza, kwa hao wanafunzi si lugha ngeni, mhusika akiongea Sheng aongee tu. Na maneno kama intaneti, fonti, skrini, yamekwisha kuwa yetu, ukiyalaza unamwambia mtoto kwamba lugha yake imeazima bila ruhusa. Kuna jambo lingine hapo limenikera miaka mingi, hadithi za Kiingereza za waandishi wa huku kwetu ambamo ugali umelazwa, shamba limelazwa, bibi amelazwa, kama vile hivyo ndo vitu vigeni kwa watu wanaoishi ndani ya hadithi. Siku hizi waandishi wengi wanakataa na wana haki.

Methali usizilaze, zina alama za kunukuu zinatosha. Majina ya wahusika wima.

Halafu kitu kidogo ambacho wengi hawakijui, kama sentensi nzima tayari iko kwenye italiki na ndani yake kuna jina la kitabu, lile jina ndo unalisimamisha wima. Kinachotakiwa ni tofauti ionekane, basi.

SWALI: Nina diwani yangu ya mashairi, tarbia nyingi na utenzi mmoja mrefu wa beti 212. Natamani diwani nzima iwe italiki kwa sababu shairi ni sauti na italiki naiona kama sauti. Mchapishaji hataki. Nani yuko sahihi? (Malenga, Tanga)

JIBU: Malenga, moyo wangu uko na wewe, na historia pia iko na wewe maana Virgil ya 1501 ilikuwa mashairi matupu kwa italiki mwanzo hadi mwisho. Na kuna jambo ambalo nadhani mchapishaji wako hajalipima. Mshororo wa tarbia una mizani 16, nane na nane, na kwenye kitabu kidogo mizani 16 za Kiswahili ni mstari mrefu. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwa vokali, mizani nyingi zina herufi mbili au tatu, zingine nne kama nywa au ng'a, ukijumlisha na nafasi kati ya maneno unakuta mshororo umegonga ukingo na neno la mwisho limeangukia chini. Kina cha mwisho kinakatika, jicho linakitafuta. Nimeona diwani nyingi zimeharibika hivo, mpaka mpangaji anapunguza ukubwa wa herufi na wazee hawasomi tena. Italiki kwa kuwa ni nyembamba inaweza kukuokoa hapo. Nilishawahi kupanga tarbia ambayo kwa wima ukubwa wa pointi 11 mishororo mingi ilikuwa inavunjika, nikabadilisha kwenda italiki ya fonti ile ile bila kugusa ukubwa, ikaingia yote na ukingo ukabaki. Nilikaa naiangalia ile karatasi muda mrefu, vina vya kati vimepangana na vya mwisho vimepangana kama shanga.

Ila utenzi wa beti 212 kwa italiki hapana. Utenzi mshororo wake ni mfupi, mizani nane, nafasi unayo ya kutosha, na ni hadithi, msomaji anakwenda mbio kurasa kumi kurasa ishirini, macho yatachoka kabla ya habari kufika. Jicho la leo limezoea wima, watu wa Aldus walikuwa wanasoma miandiko ya mkono kila siku, sisi hatusomi. Kwa hiyo ningekuambia tarbia zilaze, utenzi usimame, na mchapishaji akikubali nusu hiyo mshukuru.

Ukilaza, ongeza nafasi kati ya mistari, kama ulikuwa na pointi 14 nenda 15, mikia ya f na y na g isigongane na vichwa vya k na h chini yake. Na kaa mbali na italiki za mtindo wa Bodoni kwa diwani inayochapwa kwenye karatasi ya kawaida. Giambattista Bodoni wa Parma alipenda mistari myembamba kama unywele kando ya minene sana, kwenye karatasi yake nzuri ilikuwa ajabu ya kuangalia, kwenye karatasi inayonyonya wino ule unywele unapotea na unabaki na nusu herufi.

SWALI: Kwenye riwaya yangu neno ng'ambo limejaa na nimelilaza mahali pengi maana ni jina la mtaa wa kubuni. Ile alama ya ng' inakuwa mbaya, mahali pengine imesimama kama msumari, mahali pengine inageukia upande mwingine. Nifanyeje? (Mwandishi, Mombasa)

JIBU: Ile inayosimama kama msumari imetoka kwenye simu, umeandika au umenakili kutoka kwenye meseji, ni alama iliyonyooka ya taipureta. Kwenye maandishi ya wima inajificha, kwenye italiki inajitokeza kwa sababu kila kitu kimeegemea na yenyewe imegoma. Unayotaka ni ile yenye umbo la koma iliyopandishwa juu, kichwa juu mkia chini, mkia unaelekea kushoto. Ile iliyogeuka, mkia juu, ni alama ya kufungulia nukuu na kwenye ng' ni kosa siku zote, hata iwe wima.

Dawa: tafuta ng' zote kwa mpigo mmoja uzibadilishe, na usisahau Ng' na NG' za mwanzo wa sentensi na za vichwa vya habari. Halafu pitia kwa macho. Programu zingine zinadhani neno limeisha kwenye ile alama, ukibonyeza mara mbili ili ulaze neno inakulazia ng peke yake na ambo inabaki wima, na kwa riwaya ya kurasa mia tatu hutaiona mpaka msomaji akuandikie.

Na tazama nafasi kati ya g na alama. Kwenye italiki zingine g ina kisikio kinachotoka juu kulia na alama inakigusa, zingine zinaacha pengo utadhani ni maneno mawili. Vuta au sukuma kidogo kwa mkono mpaka ng'ambo iwe neno moja. Ni kazi ya kuchosha, najua, lakini ng' ni sauti moja kwenye lugha yetu na ukurasa uiheshimu.

SWALI: Assalam alaykum. Sisi huku Muscat nyumbani tunazungumza Kiswahili, na babu kaacha barua zake za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Tunataka kuzichapisha, upande mmoja hati ya Kiarabu upande wa pili hati ya Kilatini. Upande wa Kilatini barua tumeziweka italiki. Upande wa Kiarabu nao tuulaze? (Wajukuu, Muscat)

JIBU: Waalaykum salaam. Msilaze, nawasihi. Kompyuta itakubali ukibonyeza, lakini hati ya Kiarabu haina desturi ya italiki na haikuihitaji. Italiki ilikuwa njia ya kuifanya herufi ya chapa ya Kilatini ifanane na mkono wa mtu, hati ya Kiarabu yenyewe ni mkono tangu mwanzo, herufi zinashikana, zinapanda na kushuka. Halafu inatoka kulia kwenda kushoto, sasa mlazo wa kompyuta unaegemea kulia, yani unarudi nyuma kinyume na mwendo wa kalamu, herufi zinakuwa kama zinavutwa.

Waandishi wa miswada walipotaka kitu kionekane walibadilisha wino, wakatumia mwekundu, au wakapiga mstari juu ya neno, au wakabadilisha mtindo wa hati wenyewe, kichwa kwa thuluthi, hati kubwa ya mapambo, na maandishi kwa naskhi, hati ya kawaida ya vitabu. Fanyeni hivo. Barua za babu ziwekeni kwa naskhi iliyotulia na tarehe na majina ya mahali kwa wino wa pili kama bajeti ya rangi ipo.

Na litawapendeza hili: Granjon niliyemtaja kule juu, yule wa italiki, alipofika Roma uzeeni alichonga herufi za Kiarabu, na kiwanda cha ukoo wa Medici kikachapa nazo Injili kwa Kiarabu mwanzoni mwa miaka ya 1590. Ni naskhi nzuri sana, na ilikuwa kazi ya mtu ambaye Kiarabu hakikuwa lugha yake. Mkono uliochonga italiki ya Kilatini ninayoipenda ndo uliochonga naskhi ile, basi kitabu chenu kikiwa na EB Garamond ya italiki upande mmoja na naskhi inayofuata ile ya Granjon upande wa pili, zile pande mbili zina undugu, na mngeweza hata kuandika hivo kwenye ukurasa wa shukrani.

SWALI: Nimetuma kitabu kwa printa kikiwa kizuri, kimerudi italiki zote zimekuwa fonti nyingine. Nakala 500 tayari zimechapwa. Kosa la nani? (Bila jina, Bukoba)

JIBU: Pole sana, pole kwa kweli. Mimi yalinikuta na diwani ya mzee mmoja, kila mahali palipokuwa na italiki kompyuta ya kiwandani iliona haina fonti hiyo ikaweka nyingine iliyokuwa nayo, mistari ikarefuka, beti zikavunjika kurasa nzima. Mzee alizipokea zile nakala akasema ahsante mwanangu na sikuweza kumtazama. Kosa lilikuwa langu, nilituma faili la kuhariri badala ya PDF iliyofungwa na fonti ndani yake.

Kwako kosa linaweza kuwa la printa au lako, inategemea ulituma nini. Ukienda kwao nenda na faili lile lile ulilotuma, lifungueni pamoja, ingia kwenye taarifa za PDF sehemu ya fonti, uone kama fonti ya italiki imo ndani. Kama imo na wamechapa nyingine, ni deni lao wachape upya. Kama haimo, zungumza nao kwa utaratibu, pengine mkubaliane bei ya kurudia zile kurasa zenye italiki tu kama kitabu hakijajalidiwa.

Kwa safari ijayo, kabla hujatuma, fungua hiyo PDF kwenye simu ya mtu ambaye hana fonti zako. Nenda ukurasa wenye italiki, tafuta neno lenye a na f, kwa mfano fanya au safari. Kama a haina paa na f imeshuka mkia chini ya mstari kama ulivyoipanga, tuma. Na bado waombe wakuchapie karatasi moja ya majaribio ya ukurasa huo huo uishike mkononi, kabla hawajawasha mashine.